Gharama ya Jina la Pili

Niliwaacha pale mlangoni kwangu, mgeni mwenye fimbo na kofia ya pama akiniuliza kama paa langu linavuja.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita: mimi ni Tabu, muuza mchele wa Tunduma. Mume wangu Sufiani ana lori linalokwenda Kongo, na kwa miezi kadhaa alikuwa akinipigia simu kwamba limekwama Kasumbalesa, injini imekufa. Nikaamini. Nikamtumia mpaka hela ya kula. Ndipo akatokea huyu mgeni wa paa.

"Paa la nani?" nilimwuliza.

"La nyumba hii. Mimi naitwa Mabula. Natoka huku chini Momba, kwenye ng'ombe. Mumeo ananiuzia."

"Anakuuzia nini?"

"Nyumba, mayu."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka kabisa, nikashika na kizingiti. Nilijua huyu Msukuma wa watu, anayeniita mama kwa Kisukuma chake, kakosea mtaa.

"Baba, mume wangu yuko Kongo."

"Juzi tulikuwa naye Vwawa kwa wakili wangu. Tumekunywa chai. Lakini yeye hakunywa vizuri, anaumwa jino. La huku nyuma."

Akajishika shavu la kushoto kunionyesha. Kicheko kikaniishia hapo hapo, kwa sababu jino hilo nalijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchemshia maji ya chumvi asukutue.

Nikamkaribisha barazani. Nilihitaji kukaa kuliko yeye.

"Wakili amesema mke lazima akubali," Mabula akaendelea. "Mumeo akasema mke amekubali, siku yoyote anasaini. Mimi nikasema ngoja kwanza. Kwetu nikienda kununua ng'ombe kwenye boma la mtu, namwuliza na mwanamke anayemkamua. Mwanaume atakwambia anajaza ndoo. Mwanamke ndiye anayejua kama anapiga teke. Sasa nakuuliza wewe. Umekubali?"

"Sijaulizwa."

"Mimi si nimekuuliza?"

"Basi sijakubali."

Akachorachora chini kwa ncha ya fimbo. "Ng'ombe nimeshauza, na fedha ya kuanzia mumeo ameshaipokea." Nikaona na yeye kimemwuma.

"Sawa, mayu," akasema mwisho. "Mimi sina ugomvi na mtu. Malizaneni, mniambie." Akainuka, akaenda zake. Hata maji niliyomtilia hakuyagusa.

Kesho yake sokoni sikuwa mtu. Mzambia mmoja akasimama mbele ya magunia yangu akauliza bei, "Shinga, bamayo?" Mimi nikamjibu, "Hayupo." Akanitolea macho, akahamia kwa Enesi.

Enesi ni jirani yangu wa meza, Mnamwanga, tumeuza wote tangu watoto wetu wakiwa mgongoni. Alimpimia yule Mzambia mchele, akapokea kwacha zake, akanigeukia.

"Mama Ishaka, nani hayupo?"

Nikamweleza yote. Nikalia mpaka nikaharibu ndoo moja ya mchele kwa machozi na kamasi. Enesi hakunibembeleza, si kawaida yake.

"Nenda kwa wakili."

"Wakili! Yule ukipiga hodi tu anaandika bei."

"Daktari unamlipa akutazame ulimi. Wakili unashindwa?"

"Enesi, huwajui wale."

"Na wewe unawajua? Umewahi kuingia kwa yupi?"

Hapo aliniweza. Sikuwahi kuingia kwa wakili yeyote maishani mwangu. Niliwahi kukaa nje ya mlango wa mmoja tu, na hilo ndilo jambo ninalotaka kuwasimulia leo, hata kama nitachekwa.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na nne. Nyumba ilikuwa ya mstaafu wa reli aliyetaka kurudi kwao. Fedha tuliichanga wote wawili, ya mchele na ya lori, na ukiniuliza ya nani ilikuwa nyingi nitakwambia ya mchele. Tukaenda Vwawa kwa Wakili Mbonile. Mimi nikabaki nje kwenye benchi, kapu la fedha mapajani, khanga juu yake. Sufiani akaingia.

Kila baada ya muda alikuwa akitoka kuniletea habari, na kila habari ilikuwa ya kulipa. Kuna ada ya wakili mwenyewe. Kuna ushuru wa stempu, huo wa serikali. Kuna mthamini lazima aje aione nyumba. Kuna kusajili uhamisho wa hati kule Mbeya. Na mtaa nao wanataka chao. Nilikuwa nadhani kununua nyumba ni kumpa mwenye nyumba bei yake akupe funguo. Nilihisi wananipunguzia mchele kikombe kwa kikombe nikiwa natazama.

Ndipo nikajifanya mjanja.

Ninyi msiofanya biashara ya mpakani lazima niwaeleze. Wakala wa forodha anatoza kwa tamko, na tamko linakwenda na jina. Wanawake watano mkiweka mchele wenu kwenye lori moja na kuandika majina matano, mmelipa mara tano. Kwa hiyo tunaandika jina moja. Leo la Enesi, safari ijayo langu. Tukishavuka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, kila mmoja anavuta magunia yake. Sijawahi kuona mwenye jina akisema mzigo wote ni wake. Angepita wapi tena?

Nikamwita mume wangu karibu, nikamnong'oneza, "Kamwulize kama majina mawili ni ada mara mbili. Kama ni mara mbili, waandike lako tu. Tutagawana ndani."

Akaingia. Alikaa kidogo. Akatoka.

"Mara mbili," akasema.

"Basi lako."

Nilisema hivyo huku nimefurahi! Kwa kile nilichodhani tumeokoa tulinunua mkeka mkubwa na mbuzi wa dua. Shehe akaiombea baraka nyumba ya Sufiani na mkewe, marashi yakanyunyizwa mpaka chooni, na mimi nikapita kila chumba nikiitika amina kwa sauti kuliko wote.

Sasa mnaelewa kwa nini Enesi aliponiambia niende kwa wakili nilitafuta visingizio kwanza.

Nilikwenda. Mbonile alikuwa bado pale pale, nywele zimeshakuwa nyeupe, ukutani ametundika picha ya kwaya yao ya Mbozi Mission, yeye mstari wa nyuma mdomo wazi. Nilisimama katikati ya ofisi na mkoba wangu.

"Kaa, mama."

"Kabla sijakaa, baba, kukaa ni kiasi gani?"

Hakunicheka. "Kukaa ni bure. Kuzungumza kuna bei, nitakwambia sasa hivi, ukikubali ndipo tuanze. Ikija kazi ya kuandika au kwenda Mbeya, hiyo ina bei yake, na hiyo pia nitakwambia kabla sijagusa kalamu. Wakili anayekuficha bei mpaka mwisho, mkimbie."

Akanitajia ya kuzungumza. Nikamwomba airudie. Ilikuwa chini ya faida ya gunia moja. Miaka yote ile nilikuwa nikiogopa kitu kisichofika faida ya gunia moja!

Nikalipa, nikakaa, nikamweleza habari za Mabula. Aliandika huku akitikisa kichwa. Alipomaliza nikamwuliza kile ambacho ndicho hasa kilichonipeleka.

"Siku ile tulipokuja kununua. Majina mawili yangetuongezea kiasi gani?"

"Kwenye nini?"

"Kwenye ada. Zote."

Mbonile akaweka kalamu chini. "Ada yangu inafuata bei ya nyumba, mama. Stempu inafuata bei ya nyumba. Kusajili, vilevile. Nyumba ilikuwa moja."

"Kwa hiyo jina langu lingekuwa..."

"Wino tu."

Nilisikia watu wanapita nje wakiongea Kinyiha, nikatamani niwe mmoja wao, yeyote tu.

"Mbona mume wangu alikuuliza ukamwambia ni mara mbili?"

"Mimi?"

Aliinama mbele. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejuta kuwa na kumbukumbu nzuri.

"Mama, mumeo aliniuliza kweli. Nakumbuka kwa sababu wanaume wachache sana waliwahi kuniuliza hilo. Nikamwambia hakuna nyongeza yoyote, mwite mama aingie tuandike wote wawili. Akatoka. Aliporudi alisema, 'Mke wangu hataki. Anaogopa ndugu zangu watasema amenitia kiganjani.' Nikaandika moja."

"Nilikuwa nje hapo."

"Nilikuona kupitia dirisha. Nilipaswa kutoka nikuulize mwenyewe. Sikutoka."

Nataka niwaambie ukweli, ninyi mnaonisoma. Moyo haukunipasuka siku Mabula aliponiuliza habari za paa. Ulinipasuka pale kwa Mbonile, kwenye mazungumzo niliyokuwa nimeyalipia.

Kutoka mlango ule mpaka kwenye benchi langu hapakuwa mbali. Sufiani alitoka na jibu la wakili mdomoni, akanifikia, akanipa jingine. Na wala hatukuwa na ugomvi. Hapakuwa na mwanamke, hapakuwa na deni, hapakuwa na neno baya kati yetu. Mwanetu Ishaka alikuwa ndio kwanza anaanza kutembea. Usiku ule tulilala tukicheka habari za mbuzi wa dua tutamtoa wapi. Mtu akikudanganya mkiwa mmechokana, utasema basi, tulichokana. Huyu alinidanganya akiwa ananipenda. Hilo mpaka leo halipiti kooni.

Mbonile akaniacha nilie. Alipoona nimepunguza, akasema, "Nisikilize sasa, kwa sababu una kitu mkononi. Nyumba mnayoishi mke na mume haiuzwi hivi hivi mke asiporidhia, hata kama jina lake halimo. Ndiyo maana wakili wa Mabula anataka saini yako. Usiposaini, mnunuzi mwenye akili hamalizii fedha. Usisaini chochote. Mimi nitakuandalia zuio tulipeleke kwa msajili Mbeya, wajue kuna mtu ndani."

"Hilo bei yake?"

Akanitajia. Iliuma, lakini ilikuwa inalipika. Nikamwambia aanze.

Nilitoka Vwawa kichwa juu kidogo. Nilikuwa mwanamke mwenye saini inayotafutwa. Nikanunua hata mkungu mdogo wa ndizi njiani, jambo ambalo mtu aliyekata tamaa halifanyi.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado kali. Sufiani alikuwa amekaa kwenye kochi lake, shavu limevimba, amevua viatu. Mezani pana nyama imefungwa kwenye gazeti, kilo mbili hivi, na sukari.

"Umepotelea wapi, mama Ishaka? Nimekuja nimechoka, nyumba tupu."

"Karibu kutoka Kongo," nikamwambia.

"Usianze. Najua yule mzee wa ng'ombe amekuja kukutisha."

Mtanicheka, lakini nilichukua ile nyama nikaingia jikoni. Mikono ilikuwa imeshazoea kupokea nyama yake. Nikabandika. Nikamchemshia pia maji ya chumvi, nikampelekea kwenye bakuli, akasukutua, akatema nje, akarudi akakaa karibu nami.

"Nisikilize, mke wangu. Lori limekufa kweli. Tukiuza hii, nanunua jingine zima, safari tatu nne tumesimama. Halafu tunajenga kule Mpemba, nyumba kubwa, yenye uwanja wa kuanikia mchele wako. Hapa tumebanana. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema tumebanana."

Ni kweli niliwahi kusema. Akatoa karatasi mfuko wa shati, akainyoosha juu ya meza. Karatasi ya ridhaa ya mke, jina langu limeshapigwa chapa, pameachwa mstari wa saini.

Hatimaye jina langu likaandikwa, na limeandikwa kwenye karatasi ya kunitoa.

"Saini hapa tu," akasema, akanishika bega.

Semeni mtakavyo: nilikaribia kusaini. Mkono ule begani nilikuwa nimeukosa muda mrefu. Nilifikiria ule uwanja wa mchele Mpemba, nikauona kabisa, na Ishaka akirudi likizo kutoka shule akianika na mimi. Nikaishika kalamu.

"Kwanza nijibu kitu kimoja," nikasema. "Kwa Mbonile. Ulipoingia kuuliza. Alikwambia jina la pili ni kiasi gani?"

Hakuniuliza siku gani. Hakuniuliza Mbonile yupi. Ndipo nikajua kwamba na yeye hajawahi kusahau.

Akaondoa mkono begani.

"Alisema ni bure."

"Ukaniambia mara mbili."

"Wewe ndiye uliyesema mara mbili, Tabu. Ulinipa maneno hayo mwenyewe pale kwenye benchi. Mimi sikukubishia."

"Kwa nini?"

Alipojibu hakuwa na hasira, na ningependa sana angekuwa nayo.

"Lori lilikuwa la kaka yangu bado, unajua. Ng'ombe wa mahari yako alitoa mjomba. Nguo nilizooa nazo niliazima. Nilitaka kitu kimoja duniani kiwe na jina langu, langu tu. Ukaja wewe ukanipa mwenyewe."

"Na mimi, Sufiani?"

"Wewe ulikuwa ndani. Nilikufukuza?"

"Sasa unanifukuza."

"Sasa nauza."

Nikaiweka kalamu chini. Niliiweka taratibu sana, juu ya ile karatasi, isije ikadondoka.

"Sisaini."

"Tabu."

"Sisaini. Nimetoka kwa Mbonile leo. Nyumba haiuzwi mke asiporidhia. Mimi ni mke na sijaridhia."

Hapo ndipo akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia. Nilidhani ameshindwa. Nilisikia mpaka furaha fulani mbaya ikinipanda kifuani, mniwie radhi.

"Mke asiporidhia," akarudia.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wanachokitaka ni mke."

"Ndiyo, Sufiani. Mke."

Akaikunja karatasi yake, akairudisha mfukoni. Akavaa viatu, kimoja, kingine, akafunga kamba bila haraka. Akasimama. Halafu akasema kwa sauti ile ile ambayo miaka yote aliniomba nayo chai:

"Basi nimekuacha, Tabu. Nenda Vwawa kawaambie mke hayupo."

Sikuanguka. Sikupiga kelele, majirani hawakusikia kitu. Nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia: mchele wangu, kapu langu, benchi lile, mwanangu. Nilitaka kumwuliza kama neno moja linaweza kunitoa kwenye ndoa na kwenye nyumba kwa mpigo. Jikoni sufuria lilianza kuchemka, likamwagikia mkaa, na kilichonitoka mdomoni si hata kimoja katika hayo.

"Chakula karibu kinaiva," nikasema.

Alikuwa ameshafika mlangoni. Akasita. Akajishika shavu linalouma.

"Hapana," akasema. "Nitakula nyumbani."

"Nyumbani wapi, Sufiani?"